Sayari Iliyodhaniwa Nyota

Siku mliyoniaga, vijana wa ofisini mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Mkaniomba pia niandike machache kuhusu kazi ya upimaji ardhi ilivyokuwa huku Karatu wakati sisi tunaanza. Nimekubali. Vyeo sitavitaja, na mshahara nao hauna hadithi ndefu. Nitaeleza zaidi jambo moja ambalo chuoni mnalipitia mbiombio kisha mnalisahau, nalo ni tofauti ya nyota na sayari. Mnaliona ni somo la watoto wa darasa la sita. Mimi nimeona nyumba za watu zikikaribia kuvunjwa kwa ajili yake.

Niliripoti Karatu mwezi wa tano mwaka sabini na mbili, mvua zikiwa zimekatika. Nilitoka Marangu kwa wazazi wangu hadi Arusha, na kutoka Arusha nikapata lori lililokuwa likirudi Mang'ola tupu baada ya kushusha vitunguu. Nilishukia Ganako, ilipokuwa kambi yetu, chini ya msitu unaopanda mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mkuu wa kikosi alikuwa Mzee Rajabu, mtu wa Pangani, mfupi, mwenye kofia ya kufuma na koti zito la jeshi alilolinunua mnadani. Baridi ya Karatu hakuisamehe mpaka anaondoka. Aliinusa ile harufu ya vitunguu niliyotoka nayo kwenye lori kabla hajanipa mkono.

"Karibu," akasema. "Umekuja kupima ardhi au kupika pilau?"

Nilikuwa na cheti changu mfukoni nikitegemea atakiomba. Hakukiomba. Alinikabidhi miguu mitatu ya theodolaiti, ile ya mbao, akaniambia niibebe nyuma yake. Theodolaiti yenyewe, yaani ile darubini yenye duara za digrii tunayopimia pembe, aliibeba mwenyewe ndani ya sanduku lake kama mtu aliyebeba mtoto anayeumwa. Wiki za mwanzo kazi yangu ilikuwa kubeba, kufyeka na kushika bendera. Nilipolalamika kidogo, alisema chombo kile kimetoka mbali kuliko mimi na kimesoma zaidi yangu.

Siku moja jioni, jua limezama na anga la magharibi bado lina wekundu, aliniita penye chombo.

"Deo, ile pale ni nini?"

"Nyota, mzee. Ile kubwa ya jioni."

"Haya, chungulia."

Nilichungulia. Sikuona nukta. Niliona mwezi mdogo, mwembamba kama ukucha, umelala ubavu. Nikainua kichwa nikatazama kwa macho, nikaona nyota. Nikarudi kwenye kioo, nikaona mwezi.

"Mzee, hiki chombo kina hitilafu."

"Chombo kizima. Wewe ndiye hujafunguliwa macho. Hiyo ni Zuhura, na Zuhura si nyota, ni sayari. Nyota ni jua kama jua letu, ina moto wake yenyewe. Iko mbali mno, hata ukiitazama kwa kioo hiki itabaki nukta. Sayari haina moto. Ni jirani tu anayeangazwa na jua, kama uso wako unavyoangazwa na hii taa ya chemli. Ndiyo maana ina upande wa mchana na upande wa usiku, na sisi huku tunaiona nzima, au nusu, au kipande kama hicho."

Akageuza darubini kwenye nyota ya kweli iliyokuwa ikichomoza mashariki. Ilikuwa nukta, tena nukta inayotetemeka. Akaniambia hewa ya dunia haitulii, na kwa kuwa nyota ni nukta, hewa ikiyumba kidogo nayo inayumba, nasi tunasema inametameta. Sayari kwenye kioo ni kisahani, na kisahani hakiyumbishwi kirahisi, kwa hiyo mwanga wake hutulia. Ila zote zikiwa chini karibu na upeo wa macho, akanionya, hata sayari inaweza kutetemeka ikakudanganya.

Niliuliza yote haya yanamhusu nini mpimaji wa mashamba.

"Ukiwa msituni," akasema, "huoni mlima wala nguzo ya zamani, kaskazini utaijuaje? Dira inavutwa na mawe ya volkano haya, inakuongopea. Unaiuliza nyota. Mahali pa nyota pameandikwa kitabuni, na kesho na mwakani utaikuta palepale. Sayari inahama kila siku kati ya nyota. Hata jina lake, sayari, asili yake ni kutembea. Ukifunga ng'ombe kwenye mti, asubuhi utamkuta. Ukimfunga kwenye mkia wa ng'ombe mwenzake, usije kunilaumu."

Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza, na sijapata lingine lililofundishwa kwa maneno machache zaidi.

Miaka iliyofuata alinifundisha kuzipanga. Nyota huwekwa kwenye madaraja kwa mwangaza. Zile kali zaidi tunazoziona ni za daraja la kwanza, kisha la pili, na kuendelea mpaka la sita, ambazo macho mazuri huziona kwa shida. Huo ni mwangaza unaotufikia sisi, si ukubwa wa nyota yenyewe, maana ndogo iliyo karibu hulishinda jitu lililo mbali. Halafu huwekwa kwenye matabaka kwa rangi, na rangi ndiyo joto. Hapo wengi hukosea kwa sababu ya mabomba ya maji ya hotelini, ambapo nyekundu ni moto na buluu ni baridi. Mzee Rajabu alinipeleka kwa mhunzi mmoja pale Karatu mjini tukasimama kutazama chuma. Kilianza kuwaka chekundu, kikawa cha manjano, mwisho kikakaribia weupe. "Sasa endelea," akaniambia. Ningeendelea ningefika buluu, nayo ndiyo nyota yenye joto kupita zote. Nyekundu ndiyo iliyopoa, na jua letu liko katikati, la manjano, nyota ya kawaida kabisa tunayoiheshimu kwa sababu ya ujirani.

Sayari nazo zina makundi yake. Nne za karibu na jua ni za mawe, Utaridi, Zuhura, Dunia yetu na Mirihi. Zinazofuata ni majitu ya gesi na barafu, Mshtarii, Zohali na wenzao wawili wa mbali. Wakati ule tulihesabu na Pluto. Baadaye wataalamu walikaa kikao wakaishusha cheo nami bado niko kazini, nikatambua kuwa hata huko juu mtumishi hana uhakika.

Kazi yenyewe ilikuwa na taabu zake. Ukungu wa kule juu ulishuka bila kubisha hodi. Fisi alitafuna mkanda wa ngozi wa sanduku la theodolaiti, akaacha lensi, na sisi tukamshukuru kwa adabu hiyo. Tembo walizichukulia nguzo zetu za mipaka, zile za saruji tunazoziita bikoni, kuwa zimewekwa kwa ajili yao kujikuna. Juu ya yote kulikuwa na sharti la Mzee Rajabu ambalo hakulivunja hata siku moja. Usichukue mwelekeo kwa nyota moja. Chukua moja mashariki na nyingine magharibi, majibu yakikubaliana ndipo uandike. "Nyota moja ni kama mke aliyekuja kushtaki peke yake," alikuwa akisema. "Huenda anasema kweli, lakini mumewe naye aitwe."

Alistaafu mwaka sabini na saba akarudi Pangani kwenye joto lake. Koti la jeshi aliniachia.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe. Mwaka wa themanini hali ilikuwa ngumu nchi nzima, mnakumbuka kwa kusimuliwa. Vita vilikuwa vimekwisha majuzi, dukani hakuna sabuni, na betri za tochi tulizianika juani ili zifufuke. Saruji ilikuwa kitu cha kuombea. Ndipo ikatoka kazi ya kuweka upya mpaka kati ya mashamba ya juu Ganako na msitu. Bikoni za zamani zilikuwa zimepotea, nyingine kwa tembo, nyingine kwa watu. Mimi nilikuwa upande wa Daa na kazi nyingine, kwa hiyo alipewa Gervas, mpimaji kijana kutoka Mbulu. Nasema tangu mwanzo kwamba Gervas alikuwa mpimaji hodari, mwepesi wa hesabu kuliko mimi. Alimaliza, bikoni zikamwagwa, na nyumba kadhaa zikaonekana ziko ndani ya msitu. Wenyewe wakaambiwa wajiandae kuhama.

Waliponifikia walikuwa watu watatu, wakiongozwa na mjane mmoja wa Kiiraqw, Mama Paulina, aliyetembea toka Ganako mpaka Daa kwa miguu. Alinikuta nikinywa chai.

"Mwanangu," akasema, "mpaka umekuja umepita mlangoni kwangu. Kaburi la mume wangu limekuwa la msituni. Mimi nakaa pale tangu nimeolewa, na baba mkwe wangu alituonyesha mtaro uliochimbwa na Wazungu kuwa ndio mwisho. Mtaro uko juu kule. Kwa nini mpaka umeshuka?"

"Mama, mtaro unaweza kuwa wa maji tu."

"Unaweza. Njoo uuangalie, halafu uniambie ni wa maji."

Nilikwenda. Nilipanda nao mpaka juu, nikatazama kutoka bikoni hadi bikoni. Mstari wa Gervas ulikuwa umenyooka vizuri, kazi safi. Mtaro nao ulikuwa umenyooka, na hapo ndipo wasiwasi uliponiingia, kwa sababu mtaro wa maji hufuata mteremko, na ule ulikuwa unakata mteremko bila kujali. Mistari miwili ilianzia karibu mahali pamoja kwenye kona ya chini, kisha ikaachana polepole kama mkasi uliofunguliwa kidogo. Aliyekosea kwa kamba ya kupimia hukosea urefu. Mistari ikiachana kama mkasi, kosa liko kwenye mwelekeo.

Kesho yake asubuhi nilipima mwelekeo kwa jua. Jua halikukubaliana na Gervas. Lilikuwa upande wa Mama Paulina.

Nilimpigia simu mkuu wetu Arusha kutoka posta ya Karatu, watu wamejipanga nyuma yangu wakisikiliza.

"Deo," akasema, "saruji ile niliipigia magoti. Leo unaniambia niivunje?"

"Naomba jioni chache tu, mzee. Nipime kwa nyota na Gervas akiwepo."

"Na kama jua lako ndilo limekosea?"

"Basi nitawaambia wale watu wahame, kwa mdomo wangu."

Akakubali. Nilipotoka kwenye kibanda cha simu jasho lilikuwa limenilowesha ndani ya koti, na Karatu ilikuwa na baridi siku hiyo.

Gervas hakunipokea vizuri. Alikuwa ameketi juu ya ndoo nje ya hema, akapokea salamu bila kusimama.

"Kaka Deo, umekuja kunikagua."

"Nimekuja tupime pamoja. Ulitumia nyota gani?"

"Antares. Ile nyota nyekundu kifuani mwa kundi la Nge. Nani asiyeijua?"

"Na ya mashariki?"

Alisema mashariki kulikuwa na mawingu jioni zote, betri zilikuwa zinakufa, na dereva alikuwa anahesabu mafuta. Magharibi palifunguka upenyo mdogo, nyota ikaonekana, akaipima mara nyingi mpaka mawingu yakafunga. Vipimo vyake vilikubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Sikumlaumu. Mtu yeyote aliyefanya kazi miaka ile anajua maana ya betri inayokufa.

Jioni hiyo mawingu yalifunga. Iliyofuata nayo ikafunga. Watu wa nyumba zile walikuja kukaa mbali kidogo na chombo, wamejifunika mablanketi, wakitazama juu pamoja nasi. Mama Paulina alituletea uji wa moto kwenye sufuria. Jioni ya tatu, giza likiwa ndiyo kwanza limeshika, upepo ulisafisha magharibi yote kwa mara moja, kama mtu aliyekunja mkeka. Nge akaonekana mzima, kichwa chini, mkia juu.

Kifuani mwake palikuwa na nyota nyekundu. Na pembeni yake, kulia, kwa umbali kama wa vidole viwili ukinyoosha mkono, kulikuwa na nyekundu nyingine, ya mwangaza karibu uleule.

Gervas alizitazama kwa muda mrefu. Mimi nikampisha kwenye chombo.

"Ya kushoto inametameta," akasema hatimaye, jicho likiwa kwenye kioo. "Nukta tupu." Akazungusha kitasa taratibu. "Ya kulia imetulia."

"Usiitegemee hiyo peke yake. Ziko chini."

"Najua." Akazungusha kitasa tena. "Siku ile niliiona moja tu, kaka. Upenyo ulikuwa mdogo. Na iliyoonekana ilikuwa chini zaidi ya hapa." Akainua kichwa. "Imepanda kati ya nyota. Wiki mbili hizi imetembea. Hii ni Mirihi."

Huo ndio mfanano ambao umewahadaa watu wengi kabla yetu. Antares ni nyota, jitu jekundu lililopoa, kubwa kuliko jua letu mara nyingi sana, nyekundu kwa sababu ya joto lake dogo. Mirihi ni sayari ndogo kuliko hata dunia yetu, nyekundu kwa sababu ya udongo wake wenye kutu, udongo ambao mkulima yeyote wa Karatu angeutambua kama wa shambani kwake. Moja ina moto, nyingine ina vumbi, na kwa macho ya mtu aliye chini zinafanana kama pacha. Kila baada ya miaka kama miwili Mirihi hupita karibu na mwenzake. Gervas alipima Mirihi, akafungua kitabu, akachukua namba za Antares. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja, na mstari wake wote ukazunguka digrii chache na kuingia kwenye mashamba ya watu.

Alisogea kando na chombo akaenda kuketi kwenye jiwe. Nilimfuata.

"Watanifukuza," akasema.

"Labda. Lakini usiku huu bado ni mpimaji, na mbingu iko wazi. Pima Antares. Kisha tafuta ya mashariki. Mimi nitashika tochi."

"Upime wewe. Nani ataamini mkono wangu?"

"Nikipima mimi, patakuwa na mstari wa Deo na mstari wa Gervas, na watu wataendelea kubishana. Ukipima wewe, utakuwa mstari mmoja."

Alipima. Nilimwangazia, nikamsomea saa kwa milio ya redio, na betri zikavumilia. Mashariki na magharibi zilikubaliana, na zote mbili zilikubaliana na jua langu. Aliposimama kueleza, wale watu wa mablanketi walisogea karibu. Gervas alikuwa Mwiraqw, akawaambia kwa lugha yao. Sikuelewa maneno, ila niliuona mkono wake ukionyesha nyekundu moja, kisha nyingine, kisha ukamgusa yeye mwenyewe kifuani. Mzee mmoja akauliza kitu, Gervas akajibu, na wote wakacheka kidogo, naye pia.

"Wamesema nini?" nikamuuliza Mama Paulina.

"Mzee ameuliza, kama mtu amekosea ng'ombe wa jirani akadhani ni wake, anafanyaje? Gervas amesema, anamrudisha."

Mkuu wetu alikuja mwenyewe kutoka Arusha. Alitembea mstari mpya, akausoma upimaji, akamtazama Gervas kwa muda uliotutosha wote. Kisha akasema bikoni zivunjwe, lakini saruji nyingine hana, na mstari usio na bikoni ni maneno tu. Hapo tukakwama. Palikuwa na mifuko michache ya saruji kigangoni, waumini walikuwa wameikusanya kwa ajili ya sakafu ya kanisa. Katekista aliitisha watu baada ya ibada ya Jumapili. Nilisikia ubishi ulikuwa mrefu. Mwisho Mama Paulina alisimama akasema Mungu ameabudiwa juu ya udongo miaka yote na hajalalamika, lakini yeye bila mpaka hana hata pa kupigia magoti. Jumatatu asubuhi mifuko ilikuwa kambini, imebebwa kwa punda.

Gervas alivunja bikoni zake kwa nyundo kubwa, moja baada ya nyingine, akikataa kusaidiwa. Mpya zilimwagwa kando ya ule mtaro. Nyumba zikabaki mahali pake na kaburi likabaki shambani. Kanisa lilikaa na sakafu ya udongo muda mrefu baada ya hapo, na kila nilipoingia niliikanyaga kwa heshima. Gervas hakufukuzwa. Alihamishiwa chuoni kufundisha, na wengi wenu mmepita mikononi mwake. Kama aliwatoa nje jioni zote za muhula na kuwakatalia kuandika mwelekeo kwa nyota moja, sasa mnajua kwa nini.

Nilipima mipaka mingine mingi, hadi Mang'ola kwenye mifereji ya vitunguu na juu kabisa ukingoni, ambako Wamaasai walikiona Kilimia, kile kikundi cha nyota za msimu wa kulima, kabla yangu na kunicheka kwa kuchelewa. Hakuna nilioupenda kama ule.

Miaka michache kabla sijastaafu, mmoja wenu, nisimtaje, alitumwa kuukagua mstari wa Ganako kwa chombo kipya kinachosikiliza setilaiti. Alinichukua nikamwonyeshe bikoni zilipo. Alizipitia zote, akiweka chombo, akisubiri, akisoma. Kwenye ya mwisho akasoma mara ya pili, akakitikisa chombo kidogo, akasoma tena.

"Babu," akasema, "huu mstari umelala palepale ulipochorwa kwenye ramani. Tofauti ni ndogo kuliko upana wa hii saruji. Zamani zile mlikuwa mnatumia nini?"

Nikamnyooshea kidole juu. Akainua uso, akakinga macho kwa mkono, akatafuta huku na huku. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, hakuna hata wingu. Hakuona kitu.